Kubebesha mkorosho na mwembe uani, kwa wembe na mfuko wa barafu

Mjomba alikuwa na mkorosho mmoja kwenye mahame, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapa Masasi tunapoishi. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa na mashamba mengi ya korosho ya huku Kusini yakabaki bila wa kuyapalilia. Mikorosho mingine pale mahameni ilisongwa na pori na kuliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Huo mmoja haukuacha kuzaa. Korosho zake nene, zimejaa, ukitikisa hazichezi ndani ya ganda. Mjomba alipofariki, mama aliniambia neno moja tu: "Ule mti usiishe na yeye."

Nikaenda nikaokota korosho zake kubwa kuliko zote, nikazisia uani. Ikaota miti sita. Nikasubiri miaka minne. Mmoja ulitoa korosho zinazokaribiana na za mjomba, mitatu ikatoa za kawaida, na miwili iliyobaki ilizaa vijikorosho vidogo chini ya mabibo makubwa, ya kunywea juisi tu. Mama alizishika, akazirudisha kikapuni bila kusema kitu.

Mbegu ya korosho ina baba na mama. Ua la mti wa mjomba lilitembelewa na nyuki waliotoka kwenye miti mingine, kwa hiyo korosho iliyodondoka chini yake yaweza kuwa mtoto wa mti wake na wa mti mwingine nisioujua. Ukitaka mti uleule, chukua kipande cha mti wenyewe ukiunge juu ya mche mwingine wenye mizizi. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita kubebesha: mche wa chini unabeba, na kikonyo, yaani kile kipande cha tawi, kinabebwa. Parachichi la Hass linalolimwa Njombe lilifika hivyohivyo. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa California, na mti wake aliousajili mwaka 1935 ulitokana na mbegu moja. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini kila Hass unayoila leo imetoka kwenye kikonyo cha kikonyo cha mti ule.

Nitaanza na mkorosho kwa sababu ndio ninaoujua zaidi, na ndio unaowashinda wengi.

Kwanza hesabu miezi. Huku kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, Mei ikijitahidi sana. Mche uliobebeshwa unatakiwa uingie shambani mvua ikiwa bado na miezi ya kutosha mbele yake. Kwa hiyo nasia mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, nabebesha kuanzia mwisho wa Novemba, napanda Januari mwishoni au mwanzoni mwa Februari. Aliye Tanga, Kilifi au Zanzibar ana mvua mbili, naye ahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua zake: siku 45 hadi 60 za kukuza mche wa chini, kisha miezi miwili baada ya kubebesha.

Mbegu ya mche wa chini haina haja ya kutoka kwenye mti bingwa, ila iwe ya msimu wa karibuni. Korosho ya mwaka juzi iliyokaa gunia la stoo inaota kwa shida. Mimina korosho kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea toa, zinazozama ziache humo usiku na mchana, hata siku mbili, ukibadilisha maji. Ukizisia, ile sehemu iliyokuwa imeshikana na bibo iangalie juu, na udongo wa kufunika uwe kama unene wa vidole viwili. Ukiigeuza, mche unatoka umepinda shingo, na shingo iliyopinda haipasuliki vizuri siku ya kubebesha.

Viriba vyangu, ile mifuko ya kuoteshea miche, ni vya upana wa inchi 6 na urefu wa inchi 10 au 12. Usitumie vifupi. Mkorosho una mzizi mkuu unaoshuka haraka, ukigonga kitako cha kiriba unajikunja, na mti wenye mzizi uliojikunja huja kuanguka kwa upepo ukiwa tayari mkubwa. Udongo ninaotumia ni ndoo tatu za udongo wa juu kwa moja ya samadi iliyooza kabisa. Wengine huongeza mchanga, lakini ardhi ya Masasi ina mchanga wake wa kutosha. Kama kwenu ni mfinyanzi, ongeza ndoo moja. Panga viriba chini ya kichanja cha makuti kinachopitisha jua nusu, na pembeni weka matawi ya miiba. Panya na kuku wanalipenda lile jani nene la kwanza la mkorosho kuliko chakula kingine chochote uani. Msimu mmoja panya walinimalizia viriba thelathini kwa usiku mmoja.

Baada ya wiki mbili au tatu miche inatoka. Mwagilia asubuhi, palizi ya mkono, basi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima.

Mwaka wa kwanza nilikata vikonyo asubuhi, nikabebesha mchana wake, miche arobaini. Ilishika mitatu. Nililaumu wembe, nililaumu jua, nikalaumu mkono wangu. Kumbe tatizo lilikuwa kikonyo. Tawi ulilolikata likiwa na majani yake halikujua kwamba linahama. Macho yake, pale panapotoka machipukizi, yamelala, na kabla hayajaamka kikonyo kimeshakauka. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya vitalu kwa muda mrefu ndiye aliyeniambia kwamba kikonyo kinaandaliwa kikiwa bado juu ya mti.

Zunguka mti unaoutaka. Tafuta matawi ya nje, yanayopigwa na jua, yasiyo na maua wala dalili ya maua, unene wake kama penseli, rangi ikiwa inaanza kutoka kijani kuelekea kahawia, majani yake ya kijani kilichoiva. Tawi laini jekundujekundu bado changa, na lililokauka gome limeshachelewa. Chukua mkasi, kata majani yote kwenye urefu wa kiganja kutoka nchani, ila vile vijiti vya majani viache vibaki, kama sentimita moja kila kimoja. Usiguse ncha. Funga uzi mwekundu ili ulitambue, kisha ondoka.

Rudi baada ya siku saba, tena siku ya kumi. Gusa vile vijiti kwa kidole. Vikidondoka vyenyewe, na jicho la nchani likiwa limevimba kama punje ya mpunga lakini halijafunguka, kikonyo kiko tayari. Likishafunguka na kutoa majani umechelewa, tafuta tawi jingine. Mwaka wa pili nilifanya hivi na miche ishirini na tano. Ilishika kumi na saba, kwa wembe uleule na mkono uleule.

Kata vikonyo alfajiri, urefu wa sentimita 8 hadi 12. Vifunge kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, juu yake jani la mgomba, na uvitumie siku hiyohiyo. Mimi natembea navyo saa nzima kutoka mahameni bila kuharibika, ili mradi jua lisivipate.

Vifaa vya kazi ni vichache. Wembe mpya, kila miche kumi badilisha au geuza upande. Spiriti kidogo kwenye kifuniko cha soda, ya kufutia wembe kila unapoanza mche mwingine. Vipande vya nailoni angavu, upana wa vidole viwili, urefu kama mkono mpaka kiwiko. Na ile mifuko myembamba mirefu ya kugandishia barafu za kuwauzia watoto. Pakiti moja inatosha uani mzima.

Mche wa chini uwe na siku 45 hadi 60, shina lake bado laini, unene unaokaribiana na kikonyo. Pima shibiri moja kutoka kwenye udongo, hakikisha chini ya hapo pana majani mawili hadi manne, kisha kata kichwa. Majani hayo yasiondolewe. Ndiyo yanayoulisha mche wakati kikonyo bado hakijajiweza. Pasua shina katikati, kwenda chini sentimita nne. Weka wembe juu ya shina, usukume polepole huku ukiutikisa kidogo kidogo. Usiugonge.

Chukua kikonyo. Kwenye ncha ya chini chonga kabari: upande mmoja mkato mmoja mrefu wa sentimita nne, geuza, upande wa pili mkato mmoja. Nasema mkato mmoja kwa sababu ukichonga mara tano unapata vijibonde, na kila kibonde ni nafasi ya hewa na ukungu. Jifunze kwanza kwa vijiti vya mwembe mpaka mkono uzoee. Kabari nzuri ukiiinua kwenye mwanga unaona nyeupe katikati, na pande zote mbili mstari mwembamba wa kijani unaoteleza, kati ya gome na mti. Mstari huo ndio mti unaoishi. Kazi yote ya kubebesha ni kuukutanisha mstari wa kijani wa kikonyo na mstari wa kijani wa mche. Vikikutana vinashonana, na visipokutana hakuna nailoni itakayovisaidia.

Chomeka kabari kwenye mpasuko. Kama kikonyo ni chembamba kuliko mche, usikiweke katikati kwa kupenda uzuri. Kisogeze upande mmoja, gome liguse gome upande huo. Upande mmoja ukishika unatosha. Funga nailoni kuanzia chini ya mpasuko kwenda juu, ukivuta kwa nguvu kama unavyofunga kidonda kinachotoka damu, mpaka mpasuko wote umefichwa. Kisha visha mfuko wa barafu juu ya kikonyo, ushuke mpaka chini ya kiungo, fundo legevu chini. Kutoka kuchonga mpaka kufunga isizidi dakika mbili, maana ile kabari ikikauka rangi inageuka, na ikigeuka chonga upya.

Nawa mikono ukimaliza. Utomvu wa mkorosho unaacha madoa meusi nguoni yasiyotoka, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi kabisa. Watoto wasichezee maganda.

Sasa kivuli na subira. Mwagilia udongo, usimwagilie mfuko. Ndani ya mfuko utaona ukungu wa maji, matone yameshika plastiki. Hiyo ni dalili njema, kikonyo kinapumua. Kati ya wiki ya tatu na ya nne, jicho la juu linafungua majani madogo ya rangi ya shaba. Usikimbilie kuvua mfuko siku unapoyaona. Acha majani yagusane na plastiki, kisha vua jioni, jua likiwa limezama, ili mche upate usiku mzima wa kuzoea hewa. Ukivua saa sita mchana utakuta vimenyauka kabla ya alasiri. Kikonyo kilichogeuka cheusi kimekufa. Ambacho huna hakika nacho, kwaruza gome kwa ukucha: kijani, subiri, kahawia, ng'oa ubebeshe tena chini kidogo, kama mche bado una urefu.

Nailoni ya kiungo iondoe baada ya miezi miwili au mitatu, utakapoona kiungo kimevimba na kushikana. Ukiisahau inazama ndani ya gome na kuukaba mti.

Mwembe ni ndugu wa mkorosho, ukoo mmoja, lakini usijaribu kubebesha mmoja juu ya mwingine, haishiki. Namna ya kukata ni ileile, kabari na mpasuko. Tofauti iko kwenye kokwa na kwenye muda. Kokwa la embe halikai. Likikauka wiki chache limekufa, kwa hiyo sia ndani ya siku chache baada ya kula embe. Likaushe kivulini siku moja lisiteleze, pasua kwa uangalifu lile ganda gumu la nyuzinyuzi kwa mkasi, utoe mbegu ya ndani, usie ule mgongo uliovimba ukiangalia juu. Hapo huota haraka na mzizi unanyooka. Embe zetu za zamani, dodo na sindano, zina mizizi inayoijua ardhi yetu, nami natumia kokwa lolote la kienyeji kuwa mche wa chini. Baadhi ya makokwa hutoa machipukizi mawili matatu kwa pamoja. Acha lenye nguvu, mengine yang'oe.

Mche wa mwembe unasubiri mpaka shina lifike unene wa penseli, na hiyo kwangu ni miezi sita hadi tisa. Kikonyo cha mwembe kiandae vilevile kwa kukata majani wiki moja au siku kumi kabla. Juu ya miche hiyo nimebebesha embe za aina ya Apple na Kent uani, na dodo ya jirani ambayo alikuwa anaukata mti wake ajenge banda. Alinipigia simu jioni kwamba mafundi wanakuja kesho. Sikuwa na siku kumi. Nilichukua vikonyo ambavyo ncha zake zilikuwa zimevimba zenyewe, kumi na viwili, vikashika vinne. Ukilazimika, fanya hivyo. Usipolazimika, subiri.

Kama una mti mkubwa tayari unaozaa vibaya, usiung'oe. Ile miwili yangu ya vijikorosho niliikata mwezi wa Septemba kwenye urefu wa kiuno. Mvua za kwanza zikaleta machipukizi mengi, nikaacha sita yenye nguvu yaliyozunguka shina, nikayabebesha yakiwa laini kwa vikonyo vya mjomba, papo hapo juu ya kisiki. Mizizi ya miaka minne inasukuma kwa nguvu ambayo mche wa kiriba hauna. Kagua gome la kisiki mara kwa mara. Ukiona ungaunga wa mbao umemwagika, kuna mdudu anatoboa shina, mchimbue kwa waya.

Michungwa na milimau mimi sipasui. Huko Muheza, kwenye machungwa yao, wanachukua jicho moja tu na kuliweka chini ya gome la mche wa mlimau. Unachora gome kwa mfano wa herufi T, unalifungua kidogo, unachomeka jicho lenye kipande chake cha gome kama ngao, unafunga nailoni. Kinachotakiwa ni gome linaloachia kirahisi, nalo huachia wakati mti unakua, mvua zikiwepo. Jicho likibaki kijani baada ya wiki tatu, kata mche juu yake.

Mkomamanga hauhitaji hata hayo. Kata pingili za shibiri moja kutoka tawi lililokomaa, chomeka theluthi mbili ardhini kivulini. Mpera na mlimau unaweza kuiotesha mizizi juu kwa juu, tawi likiwa bado mtini: menya gome kuzunguka tawi, upana wa vidole viwili, kwaruza mpaka pasiwe na kijani kinachoteleza, kisha zungushia makumbi ya nazi yaliyoloa na kukamuliwa, funga plastiki kama peremende, kaza pande zote mbili. Baada ya miezi miwili au zaidi utaona mizizi myeupe kwenye plastiki. Kata chini yake, panda.

Mnazi usinipe nibebeshe. Hauna ule utando wa kijani unaozunguka shina, na kichwa chake ni kimoja. Kwa mnazi chagua mama mzuri, chukua nazi zilizokomaa na makumbi yake, zilaze ubavu kwenye kitalu, uzizike nusu. Miezi mitatu, minne, chipukizi linatoka.

Turudi kwenye mkorosho, siku ya kupanda. Chimba shimo wiki kadhaa kabla, futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu uweke upande wake, uchanganye na samadi. Umbali kati ya mti na mti ni mita 12. Najua unaona ni nyingi, mche wenyewe ukiwa kama fimbo. Lakini mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi zinazopigwa na jua, na miti ikigusana inazaa juu tu, tena ubwiriunga unaruka kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa mita 12 ekari inabeba miti 28 hivi. Katikati lima choroko, karanga au kunde miaka ya mwanzo. Chana kiriba kwa wembe ubavuni, usivute mche kwa shina, na kiungo kibaki juu ya ardhi, wazi, mbali na udongo. Mti ukichanua mwaka wa kwanza, ng'oa maua. Inauma, lakini mti wenye futi tatu haujafika wakati wa kubeba mabibo.

Miti ya mjomba iliyoshika ninayo kumi na tisa sasa, minne uani na iliyobaki shambani. Msimu wa tatu nilimpelekea mama korosho za kwanza kwenye kawa. Alizitikisa moja moja sikioni.

Kuna kitu kimoja usichotakiwa kukiacha mpaka mti uzeeke: machipukizi ya chini ya kiungo. Mche wa chini haujasahau kwamba nao ulikuwa mti. Kila mvua utajaribu kutoa tawi lake, na tawi hilo huwa na nguvu kuliko kikonyo. Ukiliacha msimu mmoja linakipita, misimu miwili linakiua, nawe utabaki unapalilia mti usio wako ukidhani ni ule ulioubebesha. Kila ukipita, inama. Chochote kilicho chini ya kovu, kibanyue kwa kidole kikiwa bado laini.